Chumba cha wageni kiwe cha vijana, na wageni wasikose pa kulala

Nyumba za Tanga hazina chumba cha ziada. Zina chumba ambacho wiki hii hakina mtu, basi. Harusi ikitangazwa, shangazi wawili wanavuka kutoka Pemba. Msiba ukitokea Pangani, watu wanapitia kwako kulala. Mwezi wa Idi ukiandama, kimejaa mpaka mlangoni. Siku nyingine zote kinageuka stoo: sufuria za shughuli, feni iliyokufa, cherehani ya miguu, maturubai, na mabegi ya mtu aliyekwenda Oman akasema atayafuata.

Halafu watoto wanakua. Wa kike yuko kidato cha tatu, wa kiume sauti imeanza kukwaruza, kulala chumba kimoja haifai tena. Mmoja anafanyia hesabu kwenye meza ya chakula huku televisheni inapiga kelele, mwingine anasomea kitandani na kusinzia na kitabu kifuani. Ndipo mama anaanza kukiangalia kile chumba kwa jicho jingine.

Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Makorora. Kwa kazi za namna hii huwa naitwa mwishoni: rangi imeshapakwa, godoro limeshanunuliwa, naambiwa nije kupima kitanda. Hapo mambo yamepinduka, kwa sababu samani ndiyo kazi ya mwisho. Nitaeleza ninavyoanza mimi, na mfano wangu ni chumba cha dada yangu pale Chumbageni, futi 10 kwa 12, dirisha moja linaloangalia magharibi. Nimekichagua hicho kwa sababu humo nilikuwa na ruhusa ya kubishana na kila mtu.

Kaeni kitako, na watoto wawepo

Usichore kitu kabla hujawasikia wenyewe. Habari ya malezi nawaachia wazazi, mimi nasema kama fundi: kijana asipokipenda chumba atarudi kusomea sebuleni, na wewe mbao umeshalipia.

Dada yangu alidhani binti yake atataka rangi ya waridi na kioo kirefu. Binti akanijibu kwa ufupi, "Mjomba, mimi nataka mlango." Mama mtu akaruka, "Mlango wa nini? Unaficha nini?" Mzozo huo nimeukuta kwenye nyumba nyingi, na wote wawili wana haki. Msichana wa miaka 16 anabadilisha nguo, anasali, analia kidogo akikosana na shoga yake, na hataki mdogo wake aingie kama anaingia dukani. Mama naye anajiuliza, mtoto akizidiwa usiku na kajifungia, nitampataje? Dawa ni kitasa cha aina ya chooni, kile cha kuzungusha kwa ndani ambacho upande wa nje kina mfuo unaofunguka kwa sarafu. Watu wote wagonge. Sarafu ni ya dharura. Komeo la chuma kwa ndani sifungi, hata nikiombwa.

Kwenye dirisha pia fikirieni dharura. Nondo za wezi karibu kila nyumba inazo, lakini chumba cha kulala chenye mlango mmoja na dirisha lililochomelewa moja kwa moja ni mtego moto ukizuka. Mwambie fundi wa kuchomelea aweke kipande kimoja chenye bawaba na kufuli, na ufunguo utundikwe ndani, mahali mkono wa mtu wa nje haufiki na kila mtoto anapajua.

Swali la pili ni nani alale humo. Huku kwetu mtoto wa kiume akishabalehe mara nyingi hupelekwa chumba cha uani, na sina ugomvi na desturi hiyo. Ila ukimpeleka uani bila meza wala taa ya kusomea, umempa pa kulala tu, na jioni utamkuta kijiweni. Kwa dada yangu hakuna chumba cha uani, kwa hiyo binti akapewa kipya, mdogo wake akabaki kile cha zamani, na meza ikawa ya wote wawili mpaka saa nne usiku, mlango ukiwa wazi. Baada ya hapo chumba ni cha mwenyewe.

Mkishakubaliana, gaweni sakafu. Linalofanyika kila siku lipewe sakafu. Linalofanyika mara chache kwa mwaka likae uvunguni au ukutani. Kulala, kusoma, na rafiki wawili watatu kukaa, hayo ni ya kila siku. Wageni ni wa uvunguni, na wakija wanatandikiwa vizuri.

Kutoa vitu ni kazi ya siku moja ya jua, na haihitaji maelezo mengi. Vyote vitoke, hata kile mnachosema kitabaki, kwa sababu nyuma yake ndiko mchwa waliko. Sufuria kubwa nilizipandisha kwenye rafu ya juu koridoni. Mabegi ya Oman yakapigiwa simu. Kitu kimoja tu kilirudi ndani, sanduku la bibi yetu lenye misumari ya shaba, lililokuwa limewekewa ndoo ya rangi kichwani. Tukasugua shaba kwa limau na chumvi, tukaliweka chini ya dirisha. Sasa ni kiti cha marafiki, na ndani yake mna shuka, mito na neti za wageni.

Ukuta na hewa

Hapa usiharakishe. Mwambao mzima una ugonjwa mmoja: futi mbili tatu kutoka sakafuni rangi inavimba, inabambuka, na chini yake mna unga mweupe. Watu wanaukwangua, wanapaka rangi ya mafuta, masika yakija inabambuka tena, na lawama anapewa fundi rangi. Ule unga ni chumvi. Imetoka ardhini pamoja na maji yanayopanda ukutani, au ilikuwamo tangu mwanzo kwa kuwa nyumba ilijengwa kwa mchanga wa baharini. Maji yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki, inaganda na kuisukuma rangi. Ukiziba kwa rangi ya mafuta, maji hayaishi. Yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea.

Kwa hiyo anza nje. Zunguka nyuma ya ukuta huo uone: maji ya bati yanadondokea hapo? Ua umeinamia nyumba? Simtanki inafurika usiku? Kwa dada yangu, upande wa pili ulikuwa bafu, na bomba la kutolea maji lilikuwa limepasuka chini ya sakafu. Bila kulitengeneza hilo, kila tulichofanya ndani kingekuwa kupoteza pesa.

Ukishaziba chanzo, piga ukuta brashi ngumu, ikiwa kavu. Usiuoshe kwa maji, maana unairudisha chumvi ndani. Zoa unga wote uutupe mbali. Plasta iliyooza ibomolewe mpaka futi moja na nusu juu ya pale alama inapoishia, kisha uache ukuta wazi ukauke kwa wiki kadhaa. Najua hakuna anayependa kusikia "wiki kadhaa". Nyumba ya tofali za saruji unaweza kuipiga plasta ya saruji na mchanga wa mtoni. Nyumba ya zamani ya mawe na chokaa irudishie chokaa na mchanga, kwa kuwa saruji tupu juu ya ukuta wa namna ile inaufungia maji ndani.

Juu ya plasta mimi napendelea chokaa, au rangi ya maji ya kawaida, vyote vinauacha ukuta upumue. Chokaa Tanga si ya kutafuta kwa tochi. Mapango ya Amboni yenyewe ni mawe ya chokaa, na kiwanda cha saruji pale Pongwe hakikujengwa hapo kwa bahati. Ila wakati wa kuichanganya vaa miwani na glavu, inaunguza macho na ngozi. Kasoro yake nyingine inajulikana: ukiegemea, mgongo mweupe. Ndiyo maana ukuta wa upande wa kitanda nautundikia mkeka wa ukindu, juu ya papi nyembamba za mbao, uachane na ukuta kwa inchi moja ili nyuma yake hewa ipite. Usipoacha nafasi hiyo, masika yakija mkeka unaota kuvu.

Kuvu ile nyeusi ya kwenye pembe iondoe kwa jiki, kipimo kimoja kwa vitatu vya maji, madirisha wazi, na usichanganye jiki na dawa nyingine ya kusafishia, mvuke wake ni sumu.

Sasa hewa. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba mpaka Machi, kusi inashika Aprili na kuendelea miezi mingi, lakini chumba chenye dirisha moja hakipati hata moja. Hewa haiingii mahali isipopata pa kutokea. Njia rahisi ni kutoboa juu ya fremu ya mlango na kuweka tofali za matundu, pamoja na wavu wa mbu. Utasikia tofauti siku hiyohiyo, ingawa sauti pia zitapita, na binti atalalamika kwamba anawasikia mkizungumza. Mwambie na nyinyi mnamsikia.

Dirisha la magharibi ni adhabu ya saa tisa alasiri. Pazia zito haliponyi, kwa sababu jua likishapita kioo, joto limeshaingia. Kivuli kiwekwe nje: kipande cha bati lililoinamishwa, makuti, hata mkeka mkuukuu wa kukunja unaoshushwa mchana na kupandishwa magharibi.

Umeme kabla ya rangi

Hili nalisema mara moja. Ukuta ukatwe kwa ajili ya nyaya kabla rangi haijapakwa, na kazi ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Nyaya za soketi ziwe za milimita za mraba 2.5, za taa 1.5, na athi, yaani waya wa ardhini, iwepo kweli; nyumba nyingi za zamani zina tundu la tatu la soketi ambalo halijaunganishwa na kitu. Wekeni soketi pacha mbili usawa wa juu ya meza na moja karibu na kitanda. Mkiweka moja tu chumbani, mtanunua ekstensheni, itapitishwa chini ya mkeka, itakanyagwa kila siku, na siku moja mtanusa harufu.

Panga boi lifungwe kwenye kenchi au ndoano ya zege, kamwe lisifungwe kwenye silingi bodi peke yake, na mapanga yake yawe juu ya futi 7 na nusu kutoka sakafuni. Mtoto wa kiume akaniuliza kuhusu taa zake za rangi, zile za utepe. Nikamkubalia. Zimebandikwa nyuma ya ukingo wa rafu ili uone mwanga, balbu zenyewe usizione, na adapta yake iko wazi juu ya meza, maana inapata joto.

Meza, kisha kitanda

Anza na meza, kwa sababu kitanda kinaweza kusogea lakini meza inafuata dirisha na soketi. Kimo chake inchi 29 au 30, kiti inchi 17 au 18, upana wa kwenda ukutani inchi 22 walau, na kila mtoto apate futi 3 zake. Kwa wawili ni futi 6 za ukuta. Chini ya meza usiweke droo mahali pa magoti.

Kabla hujagawa nafasi, uliza nani anaandika kwa mkono gani. Binti wa dada yangu ni wa mashoto. Akikaa kulia kwa mdogo wake, viwiko vyao vinagongana jioni nzima na ugomvi hauishi. Akikaa mwisho wa kushoto, kila mmoja ana mkono wake huru. Taa nayo inafuata mkono: mwenye kuandika kwa kulia mwanga utoke kushoto, wa mashoto utoke kulia, vinginevyo kivuli cha mkono kinaangukia hapohapo anapoandika. Kwa hiyo tulifunga taa mbili ndogo za mezani, zote zikiwa katikati, kila moja ikiangalia upande wake.

Mbao. Pwani, MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, siipendi. Inakunywa unyevu, inavimba kwenye kingo, na skrubu zinalegea. Bora plaiwudi nzuri ya milimita 18 yenye kingo zilizofunikwa kwa ubao. Kwa miguu na fremu natumia mtiki, tunao jirani, msitu wa kupandwa wa Longuza uko Muheza. Lakini usiuziwe jina tu. Ule ubao wa moyo, wenye rangi ya asali iliyokolea, ndio mchwa wanaoukwepa. Ubao wa pembeni, uliopauka, wanautafuna kama mbao nyingine. Hakikisha umekauka pia: ubao mbichi ni mzito na ukiugonga unaitika kwa sauti iliyoziba. Upange kivulini, vijiti katikati, wiki chache, ndipo upige randa. Ukiunda kwa mbao mbichi, droo itakayofunguka leo haitafunguka Januari.

Skrubu ziwe za shaba au zisizoshika kutu. Hewa ya bahari inazila za kawaida, na kutu inaacha machozi meusi kwenye ubao.

Rafu za vitabu watu wanazitaka ndefu, ukuta hadi ukuta. Vitabu ni vizito kuliko sahani. Plaiwudi ya milimita 18 ikizidi inchi 32 bila nguzo ya katikati itapinda kama machela, MDF hata kabla ya hapo. Weka nguzo, au ukutani fungia papi nyuma ya rafu kwa urefu wake wote.

Kwenye kitanda, wazazi wengi wanakuja na wazo la dabo deka. Chini ya panga boi dabo deka siundi. Anayelala juu akiinuka usingizini mkono uko kwenye mapanga. Tena joto la bati linakaa juu, na neti haitundikiki vizuri. Ninachounda ni kitanda cha futi 3 na nusu kwa 6 chenye kingine cha kuvuta chini yake, kwenye magurudumu, cha godoro la inchi 4. Acha uvungu wa inchi 12, na pima nafasi kati ya miguu ya kitanda, usipime godoro la juu, la sivyo cha chini kitagoma kuingia. Wageni wawili wanalala hapo, wa tatu ana mkeka na godoro sakafuni kama tulivyozoea siku za shughuli.

Wageni wakija

Jambo ambalo wazazi hulisahau ni kwamba shangazi akilala humo atafungua droo. Hana nia mbaya, anatafuta kitana. Kwa hiyo kijana apate droo moja yenye ufunguo, na ufunguo auweke yeye. Binti alipoahidiwa hiyo, maneno ya "kila mtu anaingia chumbani kwangu" yalipungua sana. Weka pia ubao wenye vigingi nyuma ya mlango: siku za kawaida mikoba ya shule, siku za wageni baibui na kanzu. Vigingi viwe vya mbao na vichwa vya duara, misumari inatoboa nguo za watu.

Meza haiguswi. Magodoro yatandikwe, viti vipandane, lakini vitabu vibaki pale vilipo, na jioni mwenye kusoma asome. Na mtoto akiwa kidato cha nne, kuanzia Oktoba mpaka mitihani ya Novemba iishe, wageni walale sebuleni. Nilipomwambia dada yangu hivyo aliguna, akasema, "Na mama mkwe je?" Nikamwambia mama mkwe alale chumbani kwake, na yeye dada alale sebuleni. Hajanijibu mpaka leo, lakini kwenye karatasi yetu ya makubaliano hajalifuta.

Mwezi mmoja wa mwanzo baada ya kuhamia msinunue pazia wala picha. Mwacheni kijana akae aone jua linaingilia wapi na miguu inapita wapi. Masika yakishaisha nirudie, au wewe mwenyewe chukua bisibisi: mbao itakuwa imevimba na kunywea, na kila skrubu ya kitanda, magurudumu na nguzo za rafu itahitaji kukazwa nusu mzunguko.